Siku 6 kwa safari ya siku 3

Hesabu niliiandika nyuma ya bahasha. Maili za bahari 90, ukigawa kwa tatu ni 30 kwa siku. Mashua ya futi 24 ikienda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, inazimaliza 30 kwa saa 6. Tuondoke Alhamisi alfajiri, tufike Jumamosi mchana. Nikampigia simu mzee aliyekubali kutupa nafasi kwenye gati lake nikamwambia Jumamosi, naye akasema sawa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mwenye nusu ya pili ya mashua, alikuwa ameomba ruhusa kazini mpaka Jumatatu.

Tulifika Jumanne, tanga limeshonwa kwa uzi wa viatu, injini imekufa, na goti langu limevimba mguu haukunjiki.

Namwandikia mtu aliyenunua chombo chake cha kwanza, aliyejifunza kutweka na kutua tanga ndani ya ghuba tulivu, na sasa anaitazama ramani anaona pwani imenyooka mbele yake kama barabara.

Nianze na fedha. Mashua ilikuwa ya bei ya chini na sababu tuliijua: ilikaa juu ya magogo nchi kavu miaka miwili. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba bei ya kuinunua ndiyo gharama yake. Kabla hatujaenda popote tulishatumia kiasi kilekile mara ya pili, kwenye kalafati (pamba ya kuziba nyufa za mbao), rangi ya chini, kamba, betri, taa na redio. Siku tuliyoishusha ilivuja kama kapu. Mbao zilizokauka hunywa maji kwanza ndipo zinavimba na kubanana, kwa hiyo siku mbili usiku na mchana tulipokezana kufua maji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Hilo ni la kawaida kwa chombo cha mbao, ila hakuna aliyetuambia, na usiku wa kwanza nilidhani tumeuziwa jeneza.

Fundi wa kukagua tulimwona ghali, tukamwacha. Angekuja angepitisha ukucha kwenye mishono ya tanga kubwa na kuona uzi umeliwa na jua, unakatika ukiugusa. Ndivyo tanga linavyopimwa, kwa ukucha. Ujira wake haukufika hata nusu ya bei ya tanga jipya, na tanga jipya tulikuja kulinunua.

Mambo matatu tulifanya vizuri, nayataja mapema kwa sababu kuanzia hapo ni makosa matupu. Tulikuwa na majaketi okozi yanayotutosha kweli. Tulikuwa na redio ya VHF, ile ya kuzungumzia baharini, na wote wawili tulijua kuitumia: chaneli 16, neno "Mayday" mara tatu kama roho iko hatarini, "Pan-pan" mara tatu kama una shida ila hamfi, kisha jina la chombo, mahali ulipo, idadi ya watu. Na mke wangu tulimwachia karatasi yenye rangi ya mashua, njia tutakayopita, na saa ambayo asiposikia kwetu awapigie watu wa uokoaji. Saa hiyo tuliandika Jumamosi saa 12 jioni. Nitarudi kwake.

Alhamisi upepo ulikuwa nyuma yetu. Hakuna raha inayodanganya kama upepo wa nyuma. Utabiri ulisema noti 18, lakini sisi wenyewe tulikuwa tunakimbia noti 5 kule kule unakoelekea, kwa hiyo uliotupiga kisogoni ulikuwa noti 13 tu. Kana, ule mti wa kuushika usukani, ilikuwa nyepesi mkononi. Shemeji alivua jaketi lake akalikalia.

Kufika saa 5 asubuhi mawimbi yalikuwa yanavunjika vichwa, povu jeupe kila upande. Mbele yetu ilisimama rasi, na nyuma yake ghuba tuliyokusudia kulala.

"Shemeji, tupunguze tanga?" akaniuliza.

Nikatazama rasi, nikatazama saa. "Bado kidogo," nikamwambia. "Tuizunguke kwanza."

Ukizunguka rasi unageuka. Upepo uliokuwa unakusukuma sasa unaukabili, na zile noti 5 zako zilizokuwa zinatolewa kwenye upepo sasa zinajumlishwa. Noti 13 zikawa kama 22. Tena nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake, mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Kutoka 13 hadi 22 ni karibu mara tatu. Kwa muda wa kumwaga ndoo moja ya maji, tanga lilelile lilikuwa linabeba mzigo mara tatu. Halafu kwenye ncha ya rasi mkondo hukimbia, na siku hiyo ulikuwa unakuja kinyume na upepo. Vikigombana hivyo viwili mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana, chombo kinashuka moja na hakijainua omo, yaani sehemu yake ya mbele, kabla ya jingine kufika.

Ukingo wa mashua wa upande ulioinama ukaingia majini. Ndani nilisikia kila kitu kinahama upande mmoja kwa mpigo. Kana ikawa nzito mpaka shemeji akaikumbatia kwa mikono miwili huku ameweka mguu ukutani, na bado omo ilikuwa inajipeleka yenyewe kwenye upepo. Nilitambaa hadi kwenye mlingoti bila kujifunga kamba ya usalama, na hapo ndipo goti lilipopiga chuma. Kamba ya kupunguzia tanga nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu gatini wiki moja kabla, sikuijaribu hata mara moja. Nikaivuta. Ikaja shubiri moja ikakwama, kwa kuwa niliipitisha kwenye tundu lisilo lake. Nikaanza kufungua fundo kwa meno, chumvi machoni, na nakumbuka nilikuwa nawaza jambo moja la kijinga: hatutafika ghubani kabla ya saa 9.

Hapo mshono ukaachia. Sauti yake ni ya shuka linalochanwa. Tanga lilipasuka kutoka ukingo wa nyuma hadi katikati, na niseme ukweli, kupasuka huko ndiko kulikotuokoa, maana mashua ilisimama wima. Tukalitua, tukaingia ghubani kwa tanga la mbele na injini, iliyokuwa bado hai.

Sasa tuna sheria. Wa kwanza kufikiria kupunguza tanga ndiye aliyeamua, na hakuna mjadala. Kupunguza hujifunzwa gatini, maji yakiwa kimya, mara kumi, na mara ya kumi gizani. Na kabla ya kuzunguka rasi yoyote, matanga hupangwa kwa upepo utakaoukuta ukishageuka. Huu unaokupiga kisogoni sasa hivi haukusaidii kukadiria.

Shemeji alitapika tangu rasi mpaka nanga. Mwenyewe anasema kosa lake lilikuwa kushuka chini kutafuta ramani wakati tunayumba. Ukianza kupiga miayo na kutoka jasho la baridi, kaa nje, shika kana, tazama mstari wa upeo, kunywa maji kidogo kidogo. Dawa za kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Ukisubiri uumwe utazitapika pamoja na mengine. Na mtu anayetapika asiegemee ukingo bila kufungwa, maana ndivyo watu wanavyodondoka.

Ungedhani tulishapata somo la siku. Tulitia nanga saa 11 jioni, maji yamekupwa, kina mita 3. Nilikuwa nimesoma kwamba mnyororo na kamba viwe angalau mara tano ya kimo, nikazidisha 3 kwa 5, nikaachia mita 15, nikalala nikijiona fundi. Kimo hupimwa kutoka chini ya bahari hadi kwenye omo, na omo yetu iko mita 1 juu ya maji. Tena hupimwa kwa maji yatakavyokuwa yamejaa. Bamvua, yale maji makubwa ya kila wiki mbili, ilikuwa inakuja, na usiku huo maji yalipanda karibu mita 3. Saa 5 usiku kimo chetu kilikuwa mita 7 na mimi nina kamba mita 15, kama mara mbili tu. Nanga haishiki kwa uzito wake, inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala. Ukiivuta kwenda juu inang'oka. Nilihitaji mita 35.

Aliyegundua ni shemeji, aliyekuwa hana usingizi kwa sababu ya tumbo. Kabla ya giza alikuwa amelinganisha mti mmoja ufukweni na taa iliyo mlimani nyuma yake, vikawa kwenye mstari mmoja. Alipotoka saa 5 taa ilikuwa imehamia kushoto kwa mti. Hakuna kifaa chochote katika hilo, ni macho tu. Tuliwasha injini, tukarudi mbele, tukaachia kamba yote.

Ijumaa tulishona. Uzi wa viatu na sindano nene, vidole vikatoboka, basi.

Jumamosi upepo ulitujia usoni na ile bahasha ikanichekesha. Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo, kinakwenda bisho, mshazari huku kisha mshazari kule. Maili 30 za kwenye ramani zinakuwa zaidi ya 42 za kwenye maji, na kwa mawimbi yanayokugonga usoni huendi noti 5 ila 3 na nusu. Ongeza na mkondo uliokuwa kinyume nasi saa 6 nzima, ambao ratiba yake ilikuwa imechapishwa tangu mwaka unaanza na tungeweza kuisoma. Baada ya saa 8 tulikuwa tumesogea maili 12.

Nikawasha injini ili kuwahi. Ikakohoa, ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Dizeli iliyokaa miaka miwili kwenye tangi huacha tope chini. Bandarini tope hilo limelala, unajaribu injini kila siku na kila siku inawaka vizuri. Baharini mawimbi yanalikoroga, linaingia kwenye chujio, na injini inakufa saa ileile unayoihitaji. Tangi lilitakiwa kumwagwa na kusafishwa, chujio la akiba liwepo, na nijue kutoa hewa kwenye mabomba. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Kazi ya saa mbili gatini.

Sasa mke wangu. Saa 11 na nusu jioni tulikuwa bado tunabisha, simu haina mtandao tangu asubuhi, na redio ya VHF husafiri kwa mstari wa macho, kwa hiyo vilima vya rasi vilikuwa katikati yetu na kila aliyeko upande wa pili. Nusu saa imebaki. Shemeji alisimama amejifunga kwenye mlingoti, simu ameinua juu ya kichwa ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka tulipopita penye mwanya kati ya vilima viwili na ujumbe ukaondoka: "Wazima. Tumechelewa." Mke wangu alikuwa ameshaishika simu kuwapigia watu wa uokoaji. Watu wangetoka usiku na bahari ile kuja kutafuta wapumbavu wawili waliokuwa salama. Siku hizi tunaandika saa mbili tofauti, ya kutarajiwa na ya kuita msaada, na kati yake tunaweka siku nzima.

Nilidhani baada ya Jumamosi kupita nitatulia, maana tarehe yenyewe ilishakufa. Wapi. Ilizaliwa nyingine: Jumatatu shemeji awe kazini.

Kwa hiyo Jumapili, upepo umepoa na umegeuka kidogo, tukiwa tumekata maili 18 tamu kabisa, niliona kwenye ramani kwamba kupita kati ya fungu la mchanga na ufukwe kunatuokolea saa nzima. Maji yalikuwa yamejaa saa 7 na dakika 20 mchana. Tuliingia pale saa moja baadaye. Shemeji alikuwa mbele na fito yenye alama.

"Mita 2."

"Sawa."

"Moja na nusu. Shemeji, kinapungua."

Mkuku wetu, uti wa chini wa mashua, unahitaji maji ya mita 1 na robo. "Bado kidogo," nikasema, "karibu tunatoka."

Hatukugonga. Mashua ilipunguza mwendo taratibu kama mtu aliyesahau kitu, ikasimama. Tulijitupa upande mmoja ili ilale mkuku uinuke, tukasukuma kwa fito, tukaruka majini tukasukuma kwa mabega. Na maji yanatoroka. Wavuvi na mabaharia wana hesabu ya kumi na mbili: gawa tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12, saa ya kwanza inashuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3 ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75. Tulikwama mwanzoni mwa ile saa ya 50. Kila dakika tuliyolaumiana ilikuwa karibu sentimita moja, na baada ya dakika 10 hakukuwa na la kusukuma.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, hatukuwa na cha kukimbilia. Saa za kupwa zimebaki tano, za kujaa zingine tano. Tukafanya kazi polepole na, nadhani, vizuri. Tulichomeka magodoro na mifuko ya matanga chini ya ubavu kabla haujalala, ili mbao zisikae juu ya jiwe. Tulifunga kila tundu, kwa sababu maji yanaporudi huipanda mashua iliyolala kabla haijaamua kuinuka, na vyombo vingi huzama hapohapo vilipokwama. Saa 1 na nusu jioni, maji yamekauka kabisa na mwezi mkubwa unapanda, niliibeba nanga begani nikatembea nayo juu ya mchanga hadi kwenye maji ya kina. Kaa wadogo walikuwa wanakimbia mbele ya miguu. Nyuma yangu mashua ilikuwa imelala ubavu, taa yake imeinama, na shemeji ameketi juu ya mkuku ule wa kijani kana kwamba ni benchi. Niliifukia nanga mchangani, nikarudi na kamba.

Akaniambia kitu ambacho sikukijua: "Bahati yetu bamvua bado inapanda." Kama tungekwama kwenye kilele chake, kila maji yanayofuata yangekuwa madogo kuliko yale tuliyoingia nayo, na tungekaa pale wiki mbili mpaka bamvua nyingine. Sikulala baada ya kusikia hivyo.

Saa 6 na dakika 45 usiku mashua ilitikisika, ikagonga mara mbili, ikainuka. Tukavuta kamba, ikatufuata.

Jumatatu asubuhi shemeji alimpigia bosi wake. Alikatwa siku mbili na akaandikiwa barua, nami nilimlipa zile siku. Baada ya simu ile tulilala mpaka jioni. Halafu, kwa vile hatukuwa na injini wala haraka, tulingoja kitu ambacho pwani hukitoa bure na sisi tulikuwa tumekipita kila usiku tukiwa usingizini. Mchana upepo hutoka baharini na kuvimba alasiri. Usiku nchi kavu ikipoa upepo hugeuka, unashuka kutoka bara, mwororo, na kwa kuwa unatoka nchi kavu hauna nafasi ya kuinua mawimbi. Upepo huo ndio mabaharia huuita umande. Tuliondoka saa 3 usiku tumejifunga kamba, tanga limepunguzwa tangu mwanzo, tukapokezana saa mbili mbili. Maili 35 na hakuna aliyetapika.

Tulifika nje ya mlango wa bandari saa 12 asubuhi, maji bado yanakupwa kwa kasi na upepo wa baharini umeanza mapema kuyakabili. Mlangoni kulikuwa kweupe kwa povu. Tulikuwa tunaliona gati. Shemeji hakusema kitu, alikuwa ananitazama tu. Tukavuta tanga la mbele upande wa upepo, tukafunga kana upande wa pili, na mashua ikatulia kama iliyofungwa, ikielea pole pole. Namna hii ya kusimama baharini ijifunze kabla ya nyingine zote, unaweza kupumzika au kushona huku umesimama. Tulikaa saa nne. Maji yalipogeuka na kuanza kuingia, povu liliyeyuka, tukaingia nayo.

Mzee mwenye gati alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuka kamba. Tukamwamkia. Akapokea kamba yetu ya mbele, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo, akalitazama tanga. Nikaanza kumwomba radhi kwa kuchelewa.

"Kuchelewa nini?"

"Jumamosi, mzee. Tulisema Jumamosi."

Akafikiri. "Jumamosi mlisema nyinyi," akasema. "Nafasi ipo tupu tangu mwezi uliopita."

Shemeji alinitazama kwa muda, kisha akashuka ndani kutoa magodoro yaliyoloa.